Klachi, Kivuko cha Likoni na Pikapu Yangu Kuukuu

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 3L, gia tano za mkono, na handbreki ya aina ile ya kuvuta kama fimbo kutoka chini ya dashibodi, ambayo ni lazima uizungushe kidogo ndipo ikubali kuachia. Kila wiki hubeba nazi zilizokwisha kufuliwa kutoka Msambweni hadi soko la Kongowea, na nazi 1,000 ni mzigo unaozidi nusu tani. Mtu anayeendesha gari tupu katika barabara tambarare za Nyali anaweza kukaa miaka mingi na makosa ya mguu wa kushoto bila kuyatambua, lakini mwenye mzigo akifika kwenye kivuko cha feri cha Likoni, Mombasa, huyatambua siku hiyo hiyo.

Wasiovuka mara kwa mara hawajui kwamba ugumu wa kivuko hutegemea mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 3, na yakikupwa, yaani yakishuka, feri hukaa chini sana, kwa hiyo gari linaloshuka ng'ambo ya pili hulazimika kupanda mlima mrefu wa zege lililolowa, tena kwa kusimamasimama, kwa sababu aliye mbele yako naye amesimama. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, kazi hiyo hiyo haina uzito wowote.

Kwa miaka kadhaa nilijisifu kwamba ninaweza kuizuia pikapu mlimani bila breki, kwa kuachia klachi nusu na kukanyaga mafuta kidogo, gari likaning'inia pale pale kama mwewe angani. Nilidhani huo ni ustadi. Ukweli ni kwamba klachi ikiwa nusu, diski husuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bila kushikamana nayo, na nguvu yote ambayo ingelisogeza gari hugeuka kuwa joto. Ile harufu kali inayoingia dirishani, ambayo kila dereva hupenda kudhani inatoka kwa gari la jirani, ni diski yako mwenyewe inayoungua.

Siku ya kulipa deni ilikuwa Jumapili asubuhi. Feri ilipokuwa inakaribia upande wa kisiwani nilikanyaga klachi, na kanyagio likazama hadi sakafuni bila kurudi. Niliipampu mara tatu, nne, ikapanda kidogo kisha ikazama tena. Vijana wa mikokoteni waliisukuma pikapu hadi juu kwa malipo ambayo sitayataja, huku abiria wakinipa ushauri wa kila namna, na mmoja akitaka kujua kama nazi zile zinauzwa.

Pale juu, penye usawa, nilifanya jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu la gia za mkono afadhali alijue kabla halijamfika. Nilizima injini, nikaweka gia ya kwanza, nikahakikisha hakuna mtu wala kitu mbele yangu, kisha nikawasha. Gari liliruka mbele na kuondoka hapo hapo. Ili kubadili gia bila klachi nilikuwa nikiachia mafuta, ninatoa gia, ninasubiri mngurumo wa injini ushuke, halafu ninaisukuma gia ya pili kwa vidole viwili tu mpaka inaingia yenyewe. Ukitumia nguvu utasikia meno yakilia. Jumapili barabara ni nyeupe, nami nilifika Majengo kwa fundi wangu nikiwa nimesimama mara moja tu. Siku ya kazi nisingethubutu. Ningeita gari la kunivuta.

Fundi, mzee ninayemwita ami ingawa hatuna udugu, alilala chini ya gari akafungua silinda ndogo ya klachi. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo husukuma klachi pia, yalitoka meusi na mazito kama kahawa iliyolala kwenye dele tangu jana. Mafuta hayo yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa unyevu. Maji yakishaingia, silinda hushika kutu kwa ndani, kutu huikwaruza mipira inayozuia mafuta yasitoke, na mipira ikishakwaruzika huvuja. Dawa yake ni kuyabadilisha yote kila baada ya miaka 2, nami nilikuwa nimezoea kuongeza tu kila yanapopungua, bila kujiuliza yanakwenda wapi.

Alipomaliza kufunga mipira mipya alitaka kuijaribu barabarani mwenyewe. Gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa aliweka gia ya nne, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ilipaza sauti, mwendo haukuongezeka.

"Mwanangu," akasema, "silinda imeliwa na hewa ya bahari, lakini hii diski umeila wewe."

"Ami, nilikuwa nazuia gari lisirudi nyuma pale kwenye feri."

"Na ile handbreki uliiwekea nini, mapambo?"

Giaboksi ikashushwa. Tulibadilisha diski, presha pleti na beringi kwa pamoja, maana kubadilisha kimoja na kuacha viwili ni kulipia kazi ile ile mara mbili. Tangu siku hiyo nikisimama mlimani huvuta handbreki, hutoa gia, na mguu wa kushoto hukaa sakafuni. Nikitaka kuondoka huingiza gia ya kwanza, huachia klachi polepole mpaka pua ya gari iinuke kidogo, ndipo huizungusha ile fimbo. Kwa nusu tani ya nazi gari halirudi nyuma hata kwa upana wa kiganja.

Chumvi nayo ina mambo yake. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na waosha magari wengi hutumia maji hayo hayo, kwa hiyo unalipa pesa ili chesisi yako ipakwe chumvi. Mimi hununua mitungi miwili ya lita 20 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa ajili ya sehemu ya chini peke yake, nikianza na springi za nyuma na ndani ya chesisi ambako matope hujificha. Wako wanaopulizia oili chafu ili kuzuia kutu. Inazuia kweli, lakini huharibu bushi za mpira, nami sikubaliani nayo.

Mara chache hupanda Kwale kuchukua mzigo, na njia ya kushuka hadi Kombani huteremka kwa gia ile ile ambayo ningeipandia, kwa kawaida ya tatu, ili injini izuie mwendo na breki zisichemke. Hiyo gia ya tatu siku hizi inakwaruza kidogo inapoingia asubuhi, dalili kwamba pete zake za shaba, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zimechoka, na kwa sasa ninaituliza kwa kukanyaga klachi mara mbili na kwa oili mpya ya giaboksi.

Kuhusu kivuko, nimejifunza pia kutazama maji kabla ya kupakia. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo siku hizo huvuka kabla ya saa moja, au hulipa dizeli ya ziada na kuzungukia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.