Tembo waliotupaulia ukumbi

Boma la ukumbi wetu lilikaa misimu miwili ya mvua bila bati. Tofali tulichoma wenyewe, kila kaya ilitoa nguvu kazi, mchanga tukausomba kwa mikokoteni ya ng'ombe, tukapandisha ukuta mpaka kwenye linta, halafu hela ikaisha. Aliyekulia kijijini anajua habari za maboma, yako kila mahali nchi hii, ukuta umesimama na ndani yamejaa majani. Mvua ya pili ilipopita kona moja ikaanza kumung'unyoka, na wale kina mama waliokuwa wanaupigia hesabu ule ukumbi kwa ajili ya chekechea na vikao vya vikoba wakawa wakipita pale hata hawaangalii upande huo.

Mi nilirudi nyumbani 2017 nikitokea Dar. Kijiji chetu kiko njia ya Tungamalenga, ile barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha. Huko Dar nilikuwa nimejifunza kuchonga lino, yaani kukata picha kwenye kipande laini kisha kukipaka wino na kukigandamizia karatasi, ndiyo kupiga printi, kwa fundi mmoja aliyepitia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii kilichoanza 1972 na kilichompitisha marehemu George Lilanga, msanii maarufu, na yeye fundi alikuwa na imani moja, kwamba printi ni sanaa ya mtu wa kawaida maana picha moja inaweza kukaa kwenye nyumba hamsini kwa wakati mmoja. Nilirudi na visu vyangu vya kuchongea, roli la kupakia wino, vipande vya lino na makopo ya wino wa mafuta, ule wanaotumia kwenye viwanda vya uchapaji. Sikuwa na mpango wowote na ukumbi, nilikuja kumuuguza mama.

Wazo lilikuja Iringa mjini. Nilimpeleka mama kliniki, tukapita Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono, pale mafundi wengi ni watu wenye ulemavu, na tangu 2003 wanatengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Nilishika ile karatasi nikaigeuza, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nyuzi za majani zinaonekana kabisa humo ndani, na nikawaza hivi sisi mavi ya tembo si ndio tunayakanyaga kila asubuhi ya mavuno.

Nikapeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji. Nikaeleza kwamba tutengeneze karatasi, tuchonge wanyama wa Ruaha, tupige printi tuwauzie watalii na yeyote atakayetaka, hela yote iende kwenye kupaua. Kukawa kimya, halafu akasimama mzee mmoja ambaye kiukoo ni babu yangu, tunamwita Babu tu, akaniambia, "Wewe binti, mwaka juzi tembo wamelala kwenye mahindi yangu, nimelala njaa mimi na bibi yako, leo unataka tumchore huyo huyo tumpambe, mzungu akamtundike ukutani?"

Watu wakapiga makofi, na alikuwa na haki kabisa. Watu wengi wanaozungumzia wanyamapori hawajawahi kulala kwenye dungu na debe la kupiga kelele, baridi ya mwezi wa tano, unasikia mahindi yanavunjika gizani na huwezi kushuka. Kifuta jasho cha serikali, yaani hela ya mazao yaliyoliwa na wanyama, kilikuwepo, ila wakati ule mwisho wake ulikuwa ekari 5 na kiwango cha juu shilingi laki moja kwa ekari, tena ilikuwa lazima uwe mbali na mpaka wa hifadhi, ukiwa karibu zaidi kilipungua, na sisi tuko karibu. Halafu Mto Ruaha Mkuu wenyewe kuanzia miaka ya 1990 unakauka wakati wa kiangazi, sababu kubwa ni maji kutumika kabla hayajatufikia, huko juu kwenye bonde la Usangu, sasa mnyama mwenye kiu atakaa ndani ya mpaka kwa sababu gani? Kwa hiyo nilimjibu Babu kwamba sina la kupinga, tembo ana deni kwako, mi nataka tulidai kwa njia hii maana njia zingine umeshazijaribu. Akakaa. Mwenyekiti akasema tujaribu, ila hela iingie mikononi mwa kamati ya ujenzi, kila printi iandikwe kwenye daftari na daftari lisomwe mkutanoni. Nilifurahi sana kwa hilo la daftari, na mpaka leo naamini ndilo lililotubeba.

Karatasi walitengeneza kina mama wa kikoba. Tuliokota mavi makavu mashambani na kwenye mapito ya nje ya hifadhi tu, kule ndani hairuhusiwi kutoa kitu, hata unyoya. Tembo mmoja mkubwa anakula mpaka kilo 150 kwa siku na kama nusu yake haisagiki tumboni, inatoka vilevile nyuzi nyuzi, kwa hiyo kazi kubwa ya kulainisha ameshakufanyia. Unayaosha kwanza, maji ya mwanzo yanatoka kama chai ya rangi, unaosha tena mpaka yanakuwa meupe, unachemsha saa nyingi kwenye pipa pamoja na majivu, halafu unasuuza. Ile harufu inaisha hapo kwenye kuchemsha, inabaki kama ya majani makavu. Kinachobaki unakitwanga kwenye kinu, unachanganya na karatasi kuukuu zilizolowekwa, sisi tulipewa madaftari yaliyoisha pale shule ya msingi, unamwaga kwenye beseni la maji. Fremu tulitengeneza kwa mbao na wavu wa chandarua uliovutwa ukakaza. Unaizamisha, unainyanyua taratibu ikiwa sawa bila kuinama upande, maji yanachuruzika na pale juu ya wavu panabaki utando mwembamba, unaugeuzia kwenye kitambaa unabandua. Ukiinyanyua haraka inakuwa nene upande mmoja. Mama mmoja mnene wa Idodi aliyeolewa kwetu ndiye alikuwa na mkono wa hiyo kazi kuliko wote, karatasi zake ukizipanga zinalingana kama zimetoka kiwandani, na binti zake walikaa pembeni wakiondoa vijiti kwa vidole.

Mi nikaanza kuchonga. Wa kwanza alikuwa tembo na nilimchonga kama tunavyowaona kwenye picha za kuuzia wageni, masikio yametanuka, mkonga juu. Babu akapita pale kwetu na fimbo yake, akaangalia lino muda mrefu, akasema "Huyu kakasirika. Aliyekuja kula hakasiriki." Akaniambia tembo akiwa ametulia masikio yanalala, yanapunga kidogo tu kujipoza, mkonga unakuwa chini unanusa, na wakitembea usiku wanafuatana msururu mmoja, huwasikii miguu kabisa, unasikia matumbo tu. Akakaa kwenye kigoda, akaendelea. Akasimulia alivyowaona kiangazi kwenye mto mkavu wakichimba mchanga kwa mguu wa mbele na mkonga mpaka maji yatokee, mama anakunywa kwanza mtoto anasubiri, na wakiondoka wanyama wengine wanakuja kunywa kwenye kile kile kisima, swala, nyani, ngiri. Nikaiweka pembeni ile lino ya kwanza nikaanza nyingine, tembo na mtoto wake kwenye kisima cha mchangani, na Babu akawa anakuja kila jioni kuangalia mguu umekaaje. Alijua mpaka mikunjo ya ngozi nyuma ya goti.

Baada ya hapo tulichonga tandala mkubwa, na huyo pia alinisahihisha Babu, pembe za dume lililokomaa zinajipinda mara mbili na nusu, sio mara tatu kama nilivyokuwa nimeweka. Wa tatu mbwa mwitu, kundi zima, na kila mmoja nilimpa madoa yake maana hakuna wawili wenye madoa yanayofanana.

Kupiga printi tulifanyia darasani siku za likizo. Ile karatasi ina vipele, ukiibandika kavu wino unashika huku unaacha kule, kwa hiyo tuliinyunyizia maji kidogo, tukaitandika juu ya lino iliyopakwa wino, tukasugua kwa mgongo wa mwiko kwa nguvu, kona kwa kona. Unashika ncha mbili unabandua polepole na picha inatoka imegeuka, mkonga uliouchonga kushoto sasa uko kulia. Mara ya kwanza mle darasani watu walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja mbio. Watoto wakataka kurudia na kurudia, wakashika mwiko kwa zamu, na zile walizosugua wao tuliziuza vilevile, zilikuwa nzuri.

Kila mnyama tulipiga printi 60, basi, hakuna ya 61. Chini yake kwa penseli tukaandika namba, 1/60, 2/60, mpaka mwisho. Hili lilileta ubishi kwenye kamati, mjumbe mmoja akauliza kama lino ipo na karatasi ipo kwa nini tusipige 1000, na kiukweli kwa mtu ambaye bati linamsubiri ni swali zuri. Nikaeleza anayenunua ananunua pia ahadi kwamba haitakuwa imejaa kila duka, na ahadi ya kijiji ni ahadi. Mtendaji akaniunga mkono, ikapita.

Kuuza sasa. Msimu wa watalii Ruaha unakolea kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, ukame ukishashika na wanyama wakajazana kwenye maji. Kambi moja ya njiani ikatupa meza karibu na sehemu ya kulia chakula, jioni tunakaa pale mimi na mama mmoja wa kikoba, magari yanarudi yamejaa vumbi, watu wamechoka lakini macho yanang'aa. Bei ilikuwa 25,000. Nilijifunza kutowakimbilia. Unaacha mtu ashike karatasi, anauliza hii karatasi ya nini, unamwambia, anacheka, anainusa (wote wananusa, hakuna asiyenusa), halafu unamwambia huyu tembo amechongwa kwa maelekezo ya mzee aliyeliwa shamba lake na hela inajenga pale, unamwonyesha picha ya boma kwenye simu. Wanakaa kimya. Wengine wanauliza maswali mazuri kuhusu pilipili tunazopaka kwenye kamba za kuzungushia shamba na mizinga ya nyuki, vyote vya kufukuzia tembo, na mama wa kikoba akawa anajibu mwenyewe na kiongozi wa msafara anatafsiri. Nilidhani simba ndiye angetakiwa na nikajuta kutomchonga, kumbe mbwa mwitu ndio waliisha wa kwanza, aliyebahatika kuwaona hataki kuondoka bila wao.

Lakini watalii hawakununua hata nusu. Hilo ndilo napenda watu walijue. Nyingine zilinunuliwa Iringa mjini, tulikuwa tunatandika wikendi, mtu anasimama, "kamwene mnyalukolo," ndiyo salamu ya Kihehe, "hii shilingi ngapi," na wenyeji tuliwauzia 10,000. Dereva mmoja wa basi alinunua tandala akalipa kwa M-Pesa, wiki iliyofuata akaleta wenzake watatu. Walimu walinunua. Na pale kijijini kwetu watu ambao sikuwategemea kabisa walichukua kwa kulipa kidogo kidogo kupitia kikoba, ukiingia sebuleni kwao leo unamkuta tembo pale juu ya kabati la vyombo, karibu na kalenda na picha ya harusi. Babu alikataa kupewa bure. Alilipa elfu kumi yake taslimu mbele ya kamati, akasimamia mpaka ikaandikwa kwenye daftari, akasema deni analodai ni kwa tembo, kwa kijiji hana.

Tulipata pigo moja. Muuza sanaa mmoja wa mjini alichukua printi kadhaa kwa mali kauli, akatuzungusha, mara leo mara kesho, mwisho hata simu hapokei. Iliniuma kwa sababu zile zilikuwa na jasho la watoto. Mwenyekiti akaisoma hasara mkutanoni kama ilivyo, hakuna aliyeninyooshea kidole, na tangu hapo hatukutoa hata moja bila hela mkononi.

Mwezi wa kumi daftari likasomwa, imepatikana milioni 3 na ushee. Mbao na misumari vikanunuliwa, mabati ya geji 28 yakaja kwa fuso jioni na vijana wakayashusha wakiimba, mafundi wawili wa kijijini wakapiga kenchi, ile kona iliyomung'unyoka ikajengwa upya, na bati la mwisho lilipigwa kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ilinikuta niko mle ndani na kina mama, kelele juu ya bati ilikuwa kubwa tusisikilizane, na mama wa Idodi akawa anazunguka kila kona ameinua uso akitafuta panapovuja. Hapakuvuja popote.

Chekechea ilianza mwezi wa kwanza, vikoba viwili vinakaa mle Jumanne na Ijumaa, misiba tunakaa mle mvua ikinyesha. Sakafu ilifuata kwa hela iliyobaki. Choo bado, tena choo cha watoto wadogo hakitakiwi kungoja, kwa hiyo mkutano uliopita tumeshakubaliana tupige toleo jipya, 60 zilezile. Babu anataka punda milia, kina mama wanasema kanga, yule ndege, kwa sababu kila mtu anamjua, na watoto wa chekechea walipoulizwa na mwalimu wao walijibu kwa sauti moja wanataka fisi. Nimeshaanza kumchora fisi.