Nilivyogundisha mtumbwi wa shemeji, na nilivyoufungua

Mimi ni fundi wa milango. Karakana yangu iko Pasua, Moshi, na mkate wangu ni fremu, madirisha, vitanda na, mwezi ukiwa mbaya, majeneza. Mtumbwi niliingia kwa sababu ya shemeji yangu Baba Neema, anayevua perege na kambare Bwawa la Nyumba ya Mungu. Alikuja siku moja akasema, "Shemeji, wewe si fundi mbao? Mtumbwi nao si mbao?" Nikaona aibu kukataa.

Kuchana mbao na kupinda ubavu wa mtumbwi sikuhangaika sana. Kilichonishinda ni kitu kidogo ambacho kwenye mlango hakipo kabisa: unapaka nini kati ya ubao na taruma, ule mti wa ndani uliopinda unaoshika mbao, kabla hujapiga misumari? Hapo ubao haukai sawasawa na taruma hata ukirandaje. Vinabaki vijinafasi, maji yanaingia, yanatulia humo, hayakauki.

Nikafikiri kifundi milango: tafuta gundi kali kuliko zote. Mangi wa duka la rangi mjini akanitolea poliurethani ya kopo la mililita 300, ile ya kusukuma kwa bunduki ya silikoni. Bei yake iliniuma, lakini nikajipa moyo kwamba inatumika kwenye vyombo vya baharini huko Ulaya. Nikapaka kwa wingi kila taruma na kila ungio. Mtumbwi ukashuka majini, haukuvuja hata tone. Kwa wiki kadhaa nilitembea Pasua kama nahodha.

Mwaka wa pili Baba Neema akapiga simu. Ubao wa tatu kutoka chini umelainika, kidole kinazama. Nikaenda na patasi nikidhani ni kazi ya saa moja. Misumari ilitoka vizuri, ubao ukagoma. Nilipoukazia mtaimbo uliachia, lakini ulibeba vipande vya mataruma mawili ya mvule. Gundi ilikuwa nzima, kilichochanika ni mti. Kubadilisha ubao mmoja kukawa kubadilisha ubao mmoja na mataruma mawili, na hayo mataruma yalikuwa yamegundishwa kwenye mbao nyingine nne. Unaelewa siku yangu ilivyokuwa.

Pale Lang'ata kuna babu aliyejifunza kuunda vyombo Pangani, akahamia bwawani akiwa kijana. Watu wakanielekeza kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyegundisha mtumbwi kama soli ya kiatu?"

Habari ilishafika. Nikakaa chini nikasikiliza. Alisema hiyo dawa ya katikati haijawekwa ili ishike. Kushika ni kazi ya misumari. Yenyewe inajaza nafasi ili maji yasipate pa kulala, na inatakiwa ibaki laini ili ubao ukivimba na kusinyaa iende nao. "Mtumbwi utafunguliwa tu, mwanangu. Leo au kesho. Ukiufunga usifunguke umeuua."

Halafu akanieleza jambo lililonifungua macho. Pwani mafundi hupaka deheni, mafuta na chokaa, chini ya chombo kwa ajili ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Bwawani wadudu hao hawapo. Lakini chumvi ya bahari huzuia kuvu wanaoozesha mti, na maji ya Kikuletwa na Ruvu, mito inayolijaza bwawa, hayana msaada huo. Kwa hiyo chombo cha bwawani adui yake mkubwa ni maji baridi yaliyotuama kwenye ungio. Ongeza na jua. Maji ya bwawa yakishuka, au uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane, mitumbwi inalala juani wiki na wiki. Mwenyewe nilipima ubao wa paini wa inchi 8: kati ya kukauka juani na kulala majini ulipanuka milimita 5. Kwa upana tu, urefu haukubadilika. Ndiyo maana kitu kigumu katikati lazima ama kipasuke ama kichane mti.

Sikumwamini babu moja kwa moja. Nilirudi Pasua nikapigilia vipande vya paini juu ya vipande vya mvule, kila jozi na dawa yake, nikaviweka wiki moja kwenye ndoo ya maji na wiki moja juu ya bati. Nikarudia mara tatu. Mke wangu aliuliza kama nimeanza uganga.

Silikoni ilibanduka yote kwa mkono kama ganda la ndizi, chini yake maji yamejaa. Ubaya wake mwingine ni kwamba rangi ya mafuta haishiki ilipogusa, na kuitoa yote kwenye mbao ni kazi ya kuomba Mungu. Hiyo sitaki kuiona karibu na mtumbwi. Poliurethani ilifanya kama ilivyonifanyia bwawani, mti ulichanika kwanza. Lami ya kuzibia paa ilinishawishi, maana ni rahisi, inabaki laini na inafunguka. Ila juu ya bati ilichuruzika, ikatoboa rangi nyeupe kwa madoa ya kahawia, na petroli ikiidondokea inayeyuka. Mtumbwi wa Baba Neema una injini. Puti ya vioo, ile ya mafuta ya kitani na chokaa, ilikauka ikapasuka kama tope la mtoni.

Kwa puti hiyo babu alicheka. "Uliipaka kwenye mti mkavu?" Ndiyo, niliipaka kwenye mti mkavu, nao ukanyonya mafuta yote ukaacha chokaa. Mti unanyweshwa kwanza. Jozi ya tano niliifanya alivyosema: mafuta ya kitani yaliyopakwa mara mbili, kisha puti ileile iliyokandwa na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa, kiasi cha kijiko kikubwa kwa kila ngumi ya puti, mpaka inapaka kama siagi ya asubuhi ya baridi. Nilipoifungua baada ya wiki sita ukucha ulizama, na mti chini yake ulikuwa mkavu.

Onyo moja hapa. Vitambaa vya mafuta ya kitani usivirundike. Mimi nilivitupa kona moja na maranda, jioni nikasikia harufu, kuvigusa vina moto wenyewe bila kiberiti. Siku hizi navitandaza nje kimoja kimoja, au navitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kuna wanaochanganya puti na unga mwekundu wa risasi ili isioze. Inafanya kazi, lakini ni sumu, na mtumbwi huu unabeba samaki wa kuliwa na watoto wa shemeji wanaupanda. Nilikataa. Poliurethani sikuitupa: inakaa kwenye ungio la mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, na mti wa mbele, mahali ambapo pakifika kufunguliwa basi mtumbwi wenyewe umekwisha.

Mtumbwi wa pili ulishuka majini hivyo. Siku mbili za kwanza ulivuja kidogo, Baba Neema akaniangalia vibaya. Mbao zikavimba, ukatulia. Mwezi uliopita uligonga jiwe maji yakiwa yameshuka, ubao mmoja ukapasuka. Nilienda na mtaimbo uleule. Nilitoa misumari, nikaingiza kabari, ubao ukaachia kabla chai haijapoa, mataruma mazima, puti bado inabonyea kwa kidole gumba. Nikakwangua, nikanywesha mafuta, nikapaka mpya.

Misumari ndiyo iliyoanza kutu, ingawa niliuziwa kwamba ni ya kuchovywa zinki. Hiyo nayo nimeanza kuichunguza. Ndoo iko nyuma ya karakana, mke wangu ameshaiona.