Majitu Yaliyoiba Chakula cha Mchana

Mwishoni mwa mwaka 2015, katika hosteli ya chuo jijini Dar es Salaam, mwenzetu mmoja alileta flashi yenye vipindi vya katuni ya Kijapani iitwayo Attack on Titan: Junior High. Sisi wenye chumba tulikuwa tumeshaitazama Attack on Titan yenyewe, vipindi 25 vya mwaka 2013, ambamo mwanzoni tu kijana Eren anashuhudia jitu likimla mama yake, kisha anaapa kuyaangamiza majitu yote. Tulikuwa tukiusubiri msimu wa pili, ambao ulikuja kutoka mwaka 2017, na badala yake tukaletewa mzaha.

Mzaha wenyewe haukuwa na haya hata kidogo. Wahusika ni walewale, na sauti ya Eren ni ileile ya Yuki Kaji, ila sasa wana vichwa vikubwa na viwiliwili vifupi, nao ni wanafunzi wa shule ambayo majitu pia yanasoma. Armin, yule mwenye akili nyingi, anatembea amejiviringisha mfarishi. Eren anayachukia majitu kwa ukali uleule wa zamani, kwa sababu yalimnyang'anya chakula chake cha mchana.

Niliangua kicheko. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikasirika kwelikweli, akauliza iweje kifo cha mama kigeuzwe kuwa bakuli la chakula. Aliyeleta flashi akamjibu kwamba kwao mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayemfukuza. "Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi," akajibiwa, "hawa wamemzika nani?" Hoja hiyo ilikuwa nzito, nami sikuwa na jibu, ingawa niliendelea kucheka.

Mdogo wangu wa kidato cha pili, aliyekuja kunitembelea wakati wa likizo, alikuwa ametazama kimya muda wote. Hakuwa ameiona ile ya awali.

"Kaka, analia hivyo kwa ajili ya chakula tu?"

Yule mwenye hasira akasimamisha video, akamsimulia habari za mama yake Eren kwa kirefu, pamoja na nyumba iliyombana miguu na mtoto anayebebwa mbali huku akitazama nyuma. Dogo alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaomba turudishe mwanzo. Na safari hii, chakula kilipoibwa, alicheka kutushinda sote, huku msimulizi wake akimkodolea macho.