Barua pepe za zamani nimezihamishia nyumbani

Jamani Gmail yangu ilikuwa imejaa, zile GB 15 za bure kumbe picha na mafaili ya Drive nayo yanakula humo humo, na kulipia kila mwezi mimi sitaki. Basi nikaingia Google Takeout, ile huduma ya Google ya kupakua data zako, nikatiki barua pepe tu, bando la usiku likapiga kazi Moshi nzima imelala, asubuhi faili la mbox, yaani barua pepe zote zimefungwa pamoja, liko kwenye kompyuta. Hilo hivi hivi halisomeki vizuri, nimeweka Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, na kile kinyongeza chake cha ImportExportTools NG, likaingia lote na viambatanisho vyake, hadi risiti za ada ya chuo na barua ya marehemu baba mdogo, herufi kubwa tupu mwanzo mwisho kama anafoka 😂

Kopi moja ipo kwenye diski ya nje, nyingine nimempelekea dada Arusha, maana umeme wa huku ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na mashine. Ila msifute kule Gmail kabla hamjafungua meseji kadhaa mkaona zinasomeka, na wale wa IMAP, yaani mliounganisha programu ya kompyuta na Gmail moja kwa moja, mjue ukifuta kwenye kompyuta na kule kwenye seva inafutika.