Injini Iliyokuwa Kimya Mno

Mwezi wa Januari mwaka 2017, kaskazi ikivuma, nilivuka feri ya Likoni, Mombasa, nikiwa na shilingi 48,000 ndani ya bahasha, kwenda kununua pikipiki ya kwanza maishani mwangu. Ilikuwa Honda CG125 nyekundu, iliyopakwa rangi upya ikang'aa. Nilipofika uani kwa muuzaji niliikuta tayari inanguruma, taratibu na kwa sauti laini kama cherehani, na tangu nilipoingia mpaka tulipohesabiana fedha hakuizima hata mara moja. Wakati ule nililiona jambo hilo kuwa ni ukarimu. Nililinganisha nambari iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile iliyoandikwa katika logibuku, yaani hati ya umiliki, nikaziona ni sawa; nikalipiga teke gurudumu la nyuma kama nilivyowaona wanunuzi wengine wakifanya, ingawa mpaka leo sijui teke hilo humwambia mtu nini; kisha nikalipa.

Ndani ya feri nilizima injini kama ilivyo desturi. Tulipofika upande wa kisiwani na lango likashushwa, nilipiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na pikipiki haikutoa hata kikohozi. Nyuma yangu palikuwa na mwenye mkokoteni wa madafu ambaye hakuwa na subira na wanunuzi wapya wa pikipiki, na maneno aliyonipa sitayaandika hapa. Vijana wawili walinisaidia kuisukuma kuupanda mpando, nikaiegesha kivulini huku nguo zikiwa zimenilowa jasho. Baada ya kama nusu saa, nilipojaribu tena bila matumaini yoyote, iliwaka kwa kiki ya pili.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Majengo kwa rafiki wa marehemu baba, mzee ambaye sisi watoto tulizoea kumwita Ami, aliyekuwa fundi wa mitambo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamishia vyombo vyake chini ya mkungu mbele ya nyumba yake.

"Usiiwashe tena," alisema kabla sijamaliza kumwamkia. "Iwate ipoe. Leo tutatazama mwili, injini kesho asubuhi."

Alianza na miguu ya mbele. Alichukua kitambaa cheupe, akakipitisha juu na chini kwenye bomba la shoki, kisha akanionyesha: palikuwa na mstari wa mafuta na nyuzi mbili za kitambaa zilizonaswa kwenye chuma. Nilipopitisha ukucha niliyahisi mashimo madogo madogo, kama ngozi iliyotoka ndui. Chuma cha Mombasa huliwa na hewa ya chumvi hata kikiwa kimesimama, na vishimo vile ndivyo vinavyokwaruza sili za mpira kila pikipiki inapopanda na kushuka, mafuta yakavuja, na mwishowe mbele pakawa panadunda. Ami alisema kuwa kubadilisha sili peke yake ni kutupa fedha, kwa sababu mpya nazo zingekatwa vilevile; ilibidi bomba lisuguliwe kwanza kwa msasa laini uliotiwa mafuta, halafu livishwe vifuko vya mpira vya kuzuia mchanga.

Kisha alilizungusha gurudumu la nyuma polepole, akigonga njiti moja baada ya nyingine kwa bisibisi. Zilizokaza zililia kwa sauti kali. Tatu zilitoa mlio mzito, kama kugonga ubao, na hizo akazitia alama ya chaki. Ubavuni mwa tairi alinisomesha tarakimu nne ambazo sikuwahi kujua maana yake: 3410, yaani lilitengenezwa katika wiki ya 34 ya mwaka 2010. Vishina vya tairi lile vilikuwa bado virefu, na mimi nilikuwa nimevisifu mbele ya muuzaji, lakini mpira wenyewe ulikuwa umekauka na kupasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi.

Penye maneno hasa palikuwa chini ya kiti, karibu na mahali shoki ya nyuma inapofungwa juu. Ami alipagonga kwa mpini wa bisibisi, akanyamaza, akapagonga tena, kisha akagonga upande wa pili.

"Wasikia? Huku chuma, huku kitu kingine."

Alikwaruza rangi kwa ncha ya kisu, ikatoka nene kuliko popote pengine, na chini yake ikatoka puti ya kijivu, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi. Alipoifuta yote, ufa wenye urefu wa kama nusu ya kidole changu ulionekana wazi, na kutu ndani yake ilikuwa ya zamani. Pikipiki ile ilikuwa imebeba mizigo mizito nyuma kwa muda mrefu, na mtu fulani aliona nafuu kuficha ufa kuliko kuuchomelea. Nakumbuka nilikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ami hakunipa pole. Alinituma nikamwite mchomeleaji wa mtaa wa pili.

Mambo mengine tuliyapitia upesi. Sproketi ya nyuma, gurudumu la chuma linalovutwa na cheni, ilikuwa na meno yaliyopinda upande mmoja kama mawimbi, na Ami hakukubali ninunue cheni peke yake, kwa kuwa cheni mpya juu ya meno yaliyolika haidumu. Jambo lililomuudhi kuliko yote lilikuwa kifuniko cha cheni kuwa kimetolewa. Honda waliiunda CG125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zenye vumbi na watu wasiotunza vyombo, ndiyo maana walificha cheni yote ndani ya sanduku la bati, na ndiyo maana waliacha mtindo wa kuendesha vali, vilango vya injini vya kuingizia hewa na kutolea moshi, kwa cheni ya ndani, wakarudi kwenye fito za kusukuma vali ambazo hazina mengi ya kuharibika. Vijana huona lile sanduku ni la kizee, hulivua na kulitupa. Tulilipata la mtumba baada ya siku nne, limebonyea kidogo.

Tangi tulilimulika kwa tochi na kuona kutu. Tulimimina siki na konzi moja ya nati ndogo, tukalitikisa, likalala hivyo usiku kucha. Asubuhi tukalisuza kwa maji yenye magadi ili ukali wa siki uishe, kisha kwa petroli. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, Ami alifungua kifuniko cha vali. Aliizungusha injini kwa mkono mpaka alama ya T ikalingana na pistoni ikawa juu, kisha akachukua ubapa mwembamba wa chuma wa kupimia nafasi iliyopo kati ya vali na kinachoisukuma, wa milimita 0.08, ambao ndio kipimo cha vali zote mbili za injini ile. Haukuingia. Akachukua mwembamba zaidi, nao haukuingia. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfikie.

Alinieleza kuwa injini ya fito kwa kawaida hutoa sauti ya kugongagonga, na mtu anayetaka kuiuza huchukia sauti hiyo, basi huzikaza tapeti, zile skrubu za kurekebishia nafasi ya vali, mpaka nafasi ikaisha na kelele zikaisha. Lakini chuma kikipata moto hutanuka. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa, mbano unapotea, na injini ikizimwa ingali na moto haiwaki tena mpaka ipoe. Ndiyo sababu muuzaji hakuizima mbele yangu, na ndiyo sababu niliadhirika pale ferini. Ule ulaini wa cherehani nilioulipia ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe, na kama ningeendelea nao miezi michache, vali ya moshi ingeungua.

Alilegeza nati, akaweka nafasi, akafunga. Tulipomaliza kurudisha tangi, alinipa ruhusa ya kupiga kiki. Iliwaka mara moja, kwa mlio wa kugongagonga ambao ungenifukuza pale uani kwa muuzaji. Tuliiacha ikapata moto, tukaizima, nikapiga tena, ikawaka. Nilirudia mara tano bila sababu.

Nilikuwa na orodha yangu ya marembo: taa mbili kubwa za mbele, ekzosi fupi yenye kishindo, na tairi pana la nyuma. Ami alipima betri kwa mita injini ikiwa imetulia, ikasoma volti 12.1, nilipovuta mafuta ilipanda mpaka 12.3 tu, wakati ilipaswa kufika karibu 14. Regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, ilikuwa imekufa. Aliniuliza taa zangu mbili zingekula nini. Tuliweka regyuleta mpya, balbu ya kawaida, vifuko vya mpira mbele na vioo viwili vya pembeni, na hayo ndiyo yakawa marembo yangu yote. Kuhusu ekzosi nilibishana naye kidogo, naye akasema msikiti uko karibu.

Katika daftari langu jumla ya matengenezo ilifika shilingi 13,600, ukiondoa kazi ya Ami, ambaye alikubali kilo mbili za samaki aina ya changu na hakutaka zaidi.

Wiki tatu baadaye muuzaji alinipigia simu tukamilishe kuhamisha umiliki katika mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, nikamweleza habari ya puti na ufa, kisha habari ya tapeti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu tapeti hakukana. Kuhusu ufa aliapa kwamba hakuujua, kwa kuwa naye aliinunua ikiwa imekwisha kupakwa rangi ile ile nyekundu, na kwa namna sauti yake ilivyoshuka nilimwamini. Tulinyamaza sote wawili kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa unyenyekevu kidogo, kama mzee yule wa Majengo huwapokea na watu wasiomfahamu, kwani juzi alikuwa amenunua nyingine.