Pawatila ya betri kwenye eka tatu za Dole

Injini ya pawatila yangu, kitrekta cha kulimia kinachoongozwa kwa mikono, ilikufa siku ileile niliyomwambia ami yangu kwamba mwaka huu muhogo tutapanda mapema. Rodi ilitoboa bloku, oili ikamwagika yote chini ya mwembe. Fundi akainama, akachungulia tundu, akasema tu: "Tafuta nyengine."

Eka tatu hizi za Dole, Unguja, alipewa babu katika mgao wa ardhi wa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Sehemu kubwa ni mikarafuu na minazi. Panapolimwa hasa, muhogo na mboga, hapazidi eka moja na robo. Nami nakaa mjini, shamba naliona Jumamosi na Jumapili. Basi nilipopata mota na betri sita za kigari cha gofu kilichochoka hotelini, nikamwambia fundi tuzifunge.

Mota yenyewe haikutusumbua. Gia za pawatila zilikuwa nzima, tukaikalisha pale ilipokuwa injini na kubadilisha puli. Taabu ilikuwa betri. Moja ina karibu kilo 30, na tulipozipanga zote sita mbele, ukiachia mikono tu chombo kinasujudu. Mwishowe mbili tukazirudisha nyuma, karibu na mikono ya kushikia. Uzito ule ulikuja kutufaa: magurudumu yaliacha kuteleza.

Hesabu nilizifanya baadaye, na ningezifanya mapema nisingeshangaa sana. Betri sita za volti 8 ni volti 48. Kwa ampea-saa 170 unapata kilowati-saa 8. Lakini betri za risasi ukizimaliza chaji kupita nusu unaziua, kwa hiyo zangu ni 4. Lita moja ya dizeli ina kama kilowati-saa 10, na injini ndogo hupoteza kiasi cha theluthi mbili kwa joto, inabaki 3 ya kazi. Yaani kilo 180 za betri zinanifanyia kazi ya lita moja na kidogo ya dizeli!

Na bado ikalima. Udongo wa kule ni kinongo, si mgumu, na chaji moja ilinipa saa moja na dakika kumi. Hakuna moshi, unasikia mizizi ikikatika na kunguru juu ya mnazi. Ami alisimama kando, mikono nyuma. "Mwanangu, hii inalima au inanong'ona?" Usiku naichomeka ukumbini, uniti tano au sita, asubuhi imejaa. Mgongo wangu nao hautaki zaidi ya saa moja kwa siku, kwa hiyo tunaelewana.

Kiburi kikanipeleka Cheju, kwenye bonde la mpunga. Nina kipande kule, nikaipakia kwenye gari ya mzigo. Kinamo, udongo mzito unaonata, kilichokwisha kunyeshewa si kinongo. Meno yalishika, mota ikaguna, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Dakika ishirini na tano, kwisha. Bondeni hakuna pa kuchomeka. Jirani mwenye dizeli alimimina dumu lake akaendelea hadi magharibi, mimi nikatafuta trekta ya kuchimba na kuburuga, yaani kuvuruga udongo na maji, kwa pesa.

Trekta kubwa za betri zipo. Fendt wa Ujerumani wana e100 Vario, betri yake kilowati-saa 100. Kwa hesabu yangu ile ni kama lita 33 za dizeli, na trekta ikichimba kwa nguvu zote inaweza kuzimaliza kabla ya adhuhuri. Kwa bustani, Wamarekani walianza zamani: General Electric waliuza kitrekta cha Elec-Trak kuanzia 1969, volti 36, betri sita. Sita kama zangu, nilicheka.

Kilichonigharimu kweli ni uvivu. Msimu wa kaskazi nilisahau maji ya betri wiki kadhaa, moja ikafa. Vichwa vya nyaya huota ukoko wa kijani, laini kama chumvi iliyolowa. Nausugua kwa mswaki na maji ya moto yenye magadi, kisha grisi. Ami huniuliza umeme ukikatika je, maana hajasahau miezi mitatu ya giza ya 2009 na 2010, waya wa kutoka bara ulipotunyima. Namwambia siku hizo tutashika jembe.

Sasa hivi kazi yake kubwa ni kuvuta kitoroli cha samadi na nazi, na hapo haina mpinzani. Betri hizi zikifa nitatia za lithiamu: uzito nusu, na unaweza kuzitumia karibu zote bila kuziua. Fundi ameshapima sanduku. Cheju nitaendelea kupanga foleni ya trekta kama wenzangu.