Chaza wangu wa Hamburg na mwamba wa Nyali

Wiki hii ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Jana saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepwa, mimi na mjomba tukatoka Mkomani na viatu vya plastiki miguuni, tukaelekea mwambani kutazama chaza wakubwa. Nina miaka tisa Hamburg, Ujerumani. Kila nikirudi Mombasa watu huniuliza habari za kazi na baridi. Mjomba peke yake ndiye huuliza, "Na wale wako wa ndani ya kioo, wazima?"

Wazima. Ni wawili, katika tangi la lita 400 sebuleni. Mmoja ni Tridacna maxima, yule yule anayejichimbia matumbaweni kwetu. Wa pili ni Tridacna squamosa, mwenye magamba yaliyopangika juu ya kombe lake. Sikuwatoa baharini, wala nisingethubutu. Biashara yao inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hawa wangu walizalishwa katika shamba la chaza wakauzwa na karatasi zao.

Kabla yao nilikuwa na mmoja aliyekufa mikononi mwangu, na kifo chake kinaniuma hadi leo. Alikuwa amejishikiza kwenye jiwe, nami nikaona pale hapati mwanga wa kutosha. Nikamshika nikamvuta. Baada ya siku nane alikuwa ameachama, nyama imelegea, maji yananuka. Nilipompigia mjomba simu hakuniuliza habari ya taa wala chumvi. Aliuliza neno moja tu: "Ulimng'oa?"

Chini ya kitako chaza hutoa nyuzi, na nyuzi hizo zimeota kutoka ndani ya mwili wake. Ukimvuta, unachana nyama yenyewe. Siku hizi chaza mgeni namweka juu ya kijiwe bapa, akijishikiza namhamisha na kijiwe chake. Ikibidi kumtoa, nyuzi hukatwa kwa wembe, karibu kabisa na jiwe.

Kuhusu mwanga, kusema kweli, ndipo ughaibuni kunapoonyesha ugumu wake. Ile nyama yenye rangi za buluu na kijani imejaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo ndio unaompikia chaza chakula chake kwa jua. Hapa Nyali jua linampiga utosini. Hamburg mwezi wa Januari, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Kwa hiyo taa zangu huwaka saa kumi kwa siku, na maxima hukaa juu kwa kuwa anataka mwanga mkali kuliko mwenzake. Lakini mgeni huanzia chini, kisha nampandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maana mwanga wa ghafla humuumiza.

Kosa langu la pili lilikuwa usafi. Nilichuja maji hadi nitrati, ile itokanayo na taka za tangini, ikafika sufuri, nikajisifu, kumbe mwani ule unakula hiyo hiyo. Chaza akaanza kupauka. Sasa naacha miligramu 5 hivi kwa lita, na rangi imerudi. Kalisi naishikilia kwenye miligramu 420, kwani bila hiyo kombe halikui, na joto kwenye nyuzi 26. Wakati wa baridi vyombo vya kupasha nyumba moto hukausha hewa na maji ya tangi hupungua kila siku. Hapo huongezwa maji matamu yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopanda hewani ni maji peke yake, chumvi inabaki. Dawa ya samaki yenye shaba haiingii nyumbani kwangu kabisa, maana shaba ni sumu kwa chaza.

Usiku namulika kwa tochi kwenye ukingo wa kombe na chini ya kitako. Kuna vikonokono vyeupe, vidogo kama punje ya mchele, hutoka gizani kumfyonza. Naviondoa kwa mswaki laini.

Jana mjomba alisimama juu ya kidimbwi, kivuli chake kikamwangukia maxima mmoja wa zambarau. Papo hapo akajikunja. Chaza ana vijicho vingi vidogo ukingoni mwa nyama yake, kivuli kikipita huvuta nyama ndani. "Huyu mzima," mjomba akasema. "Akiwa mgonjwa wala hajali."

Tuliporudi ufukweni nikampigia dada mmoja wa Tanga, jirani yangu huko Hamburg, anayeniangalizia tangi. Nikamwomba apitishe kiganja juu ya maji, chini ya taa. Mjomba akasogeza uso karibu na simu. Kiganja kikapita, na yule wa Hamburg akajikunja.

"Mwambie ahsante," mjomba akasema. "Na mwambie asimguse."